Sura Iliyochorwa na Damu Iliyohifadhiwa

Mauaji mengi yaliyobaki bila majibu katika vijiji vya Kanda ya Ziwa yanafanana kwa jambo moja: yalitendeka usiku, ndani ya nyumba ya chumba kimoja au viwili, na aliyeyashuhudia, kama alikuwepo, aliyaona kwa mwanga wa koroboi au wa tochi ya muuaji mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye benchi la waandishi wa habari katika vikao vya kesi za mauaji hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya niliyoyasikia ni mabishano juu ya mwanga huo: ulikuwa mkali kiasi gani, taa iliwekwa wapi, shahidi alisimama umbali gani, alimtazama mtu yule kwa muda gani, na alikuwa akimfahamu kabla ya usiku huo au la. Maswali hayo hayakubuniwa na mawakili ili kumsumbua mjane aliyefiwa. Yanatokana na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyosema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina iliyo dhaifu kuliko zote, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa hakuna nafasi yoyote ya shahidi kumfananisha mshtakiwa na mtu mwingine.

Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki kabisa. Lakini nimeona pia matokeo yake vijijini, pale mshtakiwa anapoachiwa kwa sababu koroboi ilikuwa hafifu, ndugu wa marehemu wakarudi nyumbani wakiamini kwamba kuna aliyehongwa, na jalada likarudishwa kabatini. Kinachonishughulisha ni hatua inayofuata baada ya hapo. Ikiwa jicho la shahidi halitoshi, je, tulihifadhi kitu kingine chochote ambacho kingeweza kusema mahali pake? Majibu ya kesi kongwe zilizotatuliwa duniani, nikizisoma moja baada ya nyingine, yananipeleka kwenye sehemu ambayo watu wengi hawaitazami: stoo ya vielelezo, yaani vitu vilivyochukuliwa kuwa ushahidi, na mikono iliyogusa eneo la tukio kabla mtaalamu hajafika.

Nianze na mchoro wa sura ya mtuhumiwa, kwa kuwa ndio unaowavutia watu zaidi. Mchoraji wa polisi huketi na shahidi, humwacha asimulie tukio bila kumkatiza, kisha humwuliza juu ya paji la uso, nyusi, pua, midomo, taya na makovu. Mwaka 1959 Marekani ilianza kutumia masanduku ya vipande vya sura, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka uso ukamilike, na baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye programu za kompyuta. Ugumu wa njia hizo zote ni kwamba binadamu hautambui uso kwa vipande. Anamtambua jirani yake papo hapo, uso mzima kwa pamoja, lakini akiulizwa umbo la pua ya jirani huyo atasita. Watafiti wa saikolojia wamethibitisha mara nyingi kwamba sura zilizoungwa kwa vipande huweza kushindwa kutambuliwa hata na watu wanaomfahamu vizuri mtu anayekusudiwa. Tena mtu aliyeelekezewa silaha huitazama silaha. Mama aliyesimama mbele ya panga ataeleza urefu wa panga hilo na jinsi lilivyonolewa, huku uso wa aliyelishika ukiwa na ukungu.

Kwetu mchoro wa penseli ni nadra. Tunachora kwa maneno, kwenye daftari la polisi, na mahakama zetu zinasisitiza kwamba shahidi aeleze wajihi wa mtu aliyemwona kabla ya gwaride la utambulisho, pale anapotakiwa kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, ili maelezo yake ya mwanzo yaweze kulinganishwa na mtu atakayemgusa bega. Kanuni hiyo ni nzuri. Lakini nimesikia maelezo ya aina hii yakisomwa mahakamani: mtu wa urefu wa wastani, maji ya kunde, si mnene wala si mwembamba, alivaa koti. Ukitoka asubuhi ukasimama kwenye lango la soko la Mwaloni pale Kirumba, wanaume wa namna hiyo watakupita kwa mamia kabla jua halijawa kali.

Hatari ya mchoro inaonekana wazi katika kesi ya Kirk Bloodsworth wa jimbo la Maryland nchini Marekani. Mwaka 1984 mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 9 alibakwa na kuuawa porini. Wavulana wawili waliokuwa wakivua samaki bwawani walikuwa wamemwona mwanamume akiongozana naye, na kutokana na maelezo yao ukachorwa mchoro uliosambazwa hadharani. Mtu fulani akapiga simu akasema kwamba mchoro ule unafanana na Bloodsworth, kijana aliyewahi kuwa mwanajeshi na ambaye hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu. Mashahidi watano wakasema mahakamani kwamba walimwona na marehemu au karibu na eneo lile. Mwaka 1985 akahukumiwa kifo. Kesi iliposikilizwa upya alitiwa hatiani tena, safari hii kwa kifungo cha maisha.

Nimelifikiria sana suala la mashahidi hao watano. Hakuna sababu ya kuamini kwamba walidanganya. Mchoro ulipobandikwa na kuonyeshwa kwenye televisheni, uliingia katika kumbukumbu za watu, na baadaye sura ya mtuhumiwa ikaonekana kwenye taarifa za habari, na kila aliyekuwa na shaka akapata uso wa kuijaza shaka yake. Kumbukumbu hujirekebisha kimyakimya kila inapoguswa. Shahidi anayesimama kizimbani mwaka mmoja baada ya tukio huwa na uhakika mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile ile, na uhakika huo huwashawishi wanaomsikiliza.

Kilichomwokoa Bloodsworth kilianzia Uingereza. Katika eneo la Leicestershire wasichana wawili wa umri wa miaka 15 waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya pili. Polisi wakamwendea Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye Septemba 1984 alikuwa amegundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba (DNA) vyao, wakitarajia athibitishe kwamba kijana yule aliua wote wawili. Vipimo vilionyesha kwamba muuaji alikuwa mtu mmoja kwa mauaji yote mawili, na kwamba hakuwa kijana yule aliyekiri. Kwa hiyo vinasaba vilipoingia katika upelelezi wa mauaji kwa mara ya kwanza vilimtoa mtu asiye na hatia kabla ya kumpata mkosaji. Wanaume zaidi ya 5,000 wa vijiji vile wakatoa sampuli, na Colin Pitchfork, aliyemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, akakamatwa mwaka 1987 baada ya mwenzake huyo kusikika akilisimulia jambo hilo baa. Januari 1988 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Bloodsworth alisoma habari za kesi hiyo akiwa gerezani, akaomba nguo za marehemu zipimwe. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kielelezo kilikwisha kuharibiwa. Kikapatikana kwenye mfuko wa karatasi, ofisini kwa jaji. Vipimo vikamwondolea hatia na mwaka 1993 akaachiwa huru, akiwa mtu wa kwanza Marekani aliyewahi kuhukumiwa kifo kusafishwa kwa vinasaba. Miaka 10 baadaye, alama zile zile za vinasaba zilipolinganishwa na hifadhi ya vinasaba vya wafungwa, zilimtaja Kimberly Shay Ruffner, ambaye alikuwa akitumikia kifungo kwa kosa jingine na ambaye kwa muda alikuwa amekaa gereza moja na Bloodsworth.

Nawaomba wasomaji wautazame mfuko ule. Mwaka 1984 hakuna mpelelezi wa Maryland aliyejua kwamba doa dogo kwenye nguo lingeweza siku moja kumtaja mtu mmoja kati ya mabilioni. Walioiweka nguo ile hawakuwa na namna ya kuitumia kwa jinsi hiyo. Iliwekwa kwa sababu ni kielelezo, na kielelezo huwekwa. Tena iliwekwa katika karatasi, na karatasi hupitisha hewa. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki, katika joto na unyevu wa mwambao wetu, huota ukungu ndani ya siku chache, na bakteria hula kile ambacho maabara ingekihitaji. Inatakiwa kwanza ikaushwe kivulini, mbali na jua, kisha ifungwe peke yake katika bahasha ya kaki na kuandikwa jina la aliyeichukua, mahali, tarehe na saa. Maarifa hayo hayahitaji mashine wala fedha za mfadhili.

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili mna vinasaba vile vile, na maabara hutazama sehemu chache ambamo vipande vifupi vinajirudia. Idadi ya marudio hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu; sehemu moja peke yake haisemi kitu kikubwa, lakini zikiunganishwa kumi na tano au ishirini, watu wawili wasio mapacha wa kufanana hawatarajiwi kulingana. Mbinu ya kunakili vinasaba mara nyingi, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993, iliwezesha sampuli ndogo sana, hata mate kwenye kipisi cha sigara, kutosha kupimwa. Adui ni joto, unyevu, jua na vijidudu. Mwili uliotupwa ziwani hupoteza upesi vinasaba vya muuaji vilivyokuwa juu ya ngozi, ingawa meno na mfupa wa paja bado vinaweza kumtaja marehemu mwenyewe hata baada ya muda mrefu.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Katika kijiji nilichokulia, wilayani Magu kando ya ziwa, bibi mmoja mjane, jirani yetu, aliuawa kwa mapanga usiku. Alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa jikoni, na kila anayeijua Kanda ya Ziwa anajua macho hayo, yanayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, yamewagharimu wanawake wangapi wazee uhai wao. Palipopigwa yowe watu walikimbilia pale kwa wingi, sungusungu wakiwa mbele. Walimwinua wakamlaza mkekani. Wanawake wakaosha sakafu, wakachoma kitenge kilicholowa damu, na mpini wa panga uliovunjika mlangoni ukapita mikono mingi huku kila mtu akijaribu kukumbuka ni wa nani. Polisi walipofika mchana walikuta ua umefagiwa. Baadaye nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwepo kwa nini hawakuuacha mwili kama ulivyokuwa. Akaniambia, "Mwanangu, tungemwachaje mama yetu katika damu mbele ya watoto?"

Sina jibu la kumshinda mzee yule, wala sitafuti. Walitenda kwa heshima waliyofundishwa na wazazi wao. Lakini muuaji anayevunja mpini wa panga kwa nguvu za mkono wake mara nyingi huacha jasho na ngozi juu ya mbao ile, na mara nyingine damu yake mwenyewe. Mpini ule haukufika maabara yoyote. Jalada lilibaki na maelezo ya mjukuu mmoja aliyeona watu wawili wakikimbia gizani.

Linganisha na California. Kati ya miaka ya 1970 na 1986 mtu mmoja aliua watu 13 na kubaka wanawake wengi zaidi. Michoro ya sura yake ilichorwa mara kadhaa, na hata mwaka 2016 shirika la upelelezi la FBI liliisambaza upya likiahidi zawadi ya dola 50,000. Michoro hiyo haikumkamatisha. Kilichomkamatisha ni sampuli kutoka kwenye mauaji ya mwaka 1980 katika eneo la Ventura, iliyokuwa imehifadhiwa vizuri kwa takriban miaka 40. Wapelelezi waliweka vinasaba hivyo kwenye hifadhi ya mtandaoni ambamo watu wa kawaida hutafutia jamaa zao, wakapata ndugu wa mbali wa muuaji, wakajenga mti wa ukoo tawi kwa tawi mpaka wakamfikia Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa askari polisi. Walimlinganisha kwa vinasaba alivyoacha kwenye mlango wa gari na kwenye takataka zake, wakamkamata Aprili 2018. Mwaka 2020 alikiri, akafungwa maisha.

Kuna wenzangu wanaoamini kwamba njia hiyo ya koo ingetufaa sana, kwa kuwa Msukuma, Mkerewe au Mkara anaweza kukutajia ukoo wake kwa vizazi vingi. Nawaelewa, lakini nina hofu. Hifadhi zile za mtandaoni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Watanzania waliomo ni wachache mno kumwelekeza mpelelezi popote. Zaidi ya hayo, kipimo kinachofuata upande wa baba pekee hutoa majibu yale yale kwa baba, watoto wake wa kiume, ndugu zake wa kiume wa baba mmoja na wajukuu wa kiume waliozaliwa na wanawe wa kiume. Katika kijiji ambacho nusu ya wanaume wanatokana na babu mmoja, jibu kama hilo likitangazwa bila uangalifu litaushtaki ukoo mzima, na sisi tunajua kinachoweza kuupata ukoo ulioshtakiwa kabla ya hukumu.

Hofu yangu ni kubwa zaidi juu ya jaribio la kuziunganisha njia hizi mbili, yaani kuchora sura kutokana na vinasaba. Ni kweli kwamba vinasaba vinaweza kukisia rangi ya macho na nywele kwa kiwango kizuri kule ambako watu wanatofautiana kwa mambo hayo. Hapa Mwanza, kumwambia mpelelezi kwamba anamtafuta mtu mwenye macho ya kahawia na nywele nyeusi ni kumrudisha pale pale kwenye lango la soko. Umbo la uso wenyewe sayansi haijaweza kulisoma kwa kutegemewa, wala vinasaba havisemi kama mtu amenenepa, amezeeka au ana kovu. Oktoba 2022 polisi wa Edmonton nchini Kanada walitoa picha ya namna hiyo ya mtu Mweusi katika kesi ya ubakaji; baada ya lawama nyingi waliiondoa ndani ya siku chache na kuomba radhi, kwa kuwa ilikuwa sura ya jumla iliyoweza kumtia mashakani kijana yeyote Mweusi wa mji ule.

Na vinasaba vyenyewe, hata vikipimwa vizuri, hueleza tu kwamba chembe za mtu fulani zilikuwepo mahali fulani. Jinsi zilivyofika ni swali jingine. Mwaka 2007 askari wa kike aliuawa katika mji wa Heilbronn, Ujerumani, na vinasaba vya mwanamke asiyejulikana vilivyopatikana hapo vikaonekana pia katika matukio takriban 40 yasiyofanana, katika Ujerumani, Austria na Ufaransa. Polisi walimtafuta mwanamke huyo kwa nguvu zote. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Nikiwakumbuka watu wote walioushika mpini ule wa panga kijijini kwetu, naona kwamba hata ungepelekwa maabara ungeweza kumtaja msamaria aliyeuokota. Ndiyo maana namheshimu wakili anayeuliza nani alikishika kielelezo, akamkabidhi nani, lini, na karatasi iko wapi. Mahakama yetu ya Rufani ilisisitiza kumbukumbu hizo za maandishi katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake, na kila mara kielelezo kinapokataliwa kwa kukosa kumbukumbu hizo, naona kazi ya maabara ikipotea kwa uzembe wa daftari.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Tunayo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayosimamia vipimo hivyo ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Upungufu ninaouona uko kati ya mlango wa nyumba ya marehemu na kaunta ya ofisi hiyo. Nimewahi kuingia katika stoo ya vielelezo ya kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta mapanga, nguo na viatu vya kesi tofauti vimerundikwa pamoja sakafuni, chini ya paa linalovuja, lebo zikiwa zimeliwa na mchwa. Kosa la mauaji halina ukomo wa muda wa kushtakiwa, kwa hiyo kila kitu katika lundo lile kinaweza kuhitajika na mpelelezi ambaye leo bado yuko shule ya msingi. Rafu, bahasha za kaki, chumba kikavu na daftari la makabidhiano ni vitu ambavyo halmashauri yoyote inaweza kuvigharamia.

Upande wa vijiji, mtu wa kufundishwa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji pamoja na kamanda wa sungusungu, kwa sababu hao hufika kabla ya wote. Wajue kumsaidia aliye hai bila kusita, na kwamba ikiwa mtu amekwisha kufa, waweke walinzi mlangoni, wawatoe watoto, na wazuie kufagia, kuosha na kuokota silaha mpaka polisi wafike. Tena waandike majina ya wote walioingia ndani. Heshima ya marehemu haipungui kwa kumsubirisha saa chache, na polisi nao wakijua kwamba familia inawangojea na maiti ndani, wana wajibu wa kufika mapema kuliko walivyozoea. Mtendaji wa kijiji chetu amekubali nilizungumze jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji. Nimemwomba amwalike na mkuu wa upelelezi wa wilaya, kwa kuwa najua wanakijiji watauliza vielelezo vya kesi zao za zamani viko wapi, na swali hilo linapaswa kujibiwa na mwenye funguo za stoo.